Panya Waliolalia Mtarakwa

Siku ya kuniaga, kila aliyesimama alinisifu kwa uvumilivu. Mkurugenzi wa sasa alisema hajawahi kuona mtumishi mvumilivu kama Mama Wambui. Mhasibu akarudia hayo hayo. Nikapewa blanketi, saa ya ukutani na kipande cha keki iliyokauka, nikakaa pale nikitabasamu huku nikijiuliza wanamzungumzia nani. Sijawahi kuwa mvumilivu hata siku moja. Niliingia kituo kile cha utafiti wa dawa nikiwa nimekasirika na nimetoka nikiwa nimekasirika, ila hasira yangu haikunizuia kufanya kazi, na labda hicho ndicho walichokiona wakakipa jina zuri.

Ninyi mliobaki kwenye nyumba ya panya mmeniomba niwaandikie mambo niliyoyaona. Haya. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wengine, mimi nitawaeleza kazi. Na nitawaeleza habari ya ule mti wa Ewuaso Kedong, kwa sababu nimesikia mnaisimulia vibaya.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kitengela ya wakati huo hamngeitambua. Kulikuwa na barabara ya Namanga, maduka machache ya mabati, bucha, halafu uwanda mtupu hadi macho yachoke. Asubuhi nikienda kazini niliwakuta nyumbu wamesimama karibu na lango letu kama watu wanaosubiri kuandikwa kazi. Nyumba ya panya ilikuwa nyuma kabisa, mbali na ofisi, kwa sababu ya harufu. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino na marashi shingoni, maana niliambiwa nimeajiriwa kuwa msaidizi wa maabara, nikajiona tayari niko ndani ya koti jeupe nikitikisa chupa za maji ya rangi. Mzee Okelo, aliyekuwa mkuu wa nyumba ile, alininusa kabla hajanisalimia.

“Wewe mama, hiyo marashi enda utoe,” akaniambia. “Hapa panya ndio wako na harufu. Wewe uko na kazi.”

Nikaenda nikajiosha bombani, niliporudi akanionyesha jinsi ya kumshika panya. Humshiki mkia kwa ncha, ukivuta ngozi ya mkia inabaki mkononi. Unaweka kiganja mgongoni, kidole gumba na cha shahada vinazunguka mabega, unamwinua taratibu kama unayechukua mkate wa moto. Nilipong'atwa mara ya kwanza nilimtupa yule panya na nikamwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Mzee Okelo alimwokota, akamtuliza kwenye kifua chake, akaniambia, “Akikuuma usimkasirikie yeye. Jiulize wewe ulikuwa unafikiria nini.” Nilikuwa nafikiria mtoto niliyemwacha nyumbani na homa. Alisema kweli, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Kifaa kilichonipa taabu kuliko vyote ni sindano ya kulishia. Mnaijua: ndefu, butu, yenye kitone cha chuma kwenye ncha ili isitoboe koo. Kwanza unaipima kwa nje, kutoka mdomoni mpaka mwisho wa mbavu. Kisha unaipitisha pembeni mwa mdomo na kumngoja panya ameze. Ukilazimisha, dawa inaingia mapafuni na mnyama anakufia mkononi akikuangalia. Nimeona wenye digrii zao wakiingiza ile sindano kama wanaozibua mfereji. Nimeona pia wasio na digrii wakifanya vivyo hivyo. Ujinga wa haraka hauchagui.

Halafu maji. Maji ya kisima cha Kitengela mnayajua yalivyo na chumvi. Midomo ya chupa za vizimba ilikuwa inaziba kwa magadi, panya wanalamba chuma kikavu na sisi tunaandika kwamba leo hawana hamu ya kunywa. Nikaomba tuletewe maji matamu kwa lori. Nikaambiwa panya si watalii. Kwa hiyo kila siku nikawa nachokoa zile chupa kwa waya wa hanga ya nguo, na kama kuna kitu kimoja mtakachojifunza kwangu basi kiwe hicho: kabla ya kuandika mnyama amekataa maji, lamba mdomo wa chupa mwenyewe kwanza.

Mzee Okelo alistaafu akarudi kwao Siaya, nikabaki na funguo. Tukaingia miaka ya elfu mbili. Kitengela ikaanza kukatwa katwa vipande. Kila aliyekuwa na kazi Nairobi akanunua ploti, na kila aliyenunua ploti akataka ua na mlango kabla hajajenga nyumba. Mkabala na lango letu ikafunguliwa karakana ya useremala, wakawa wanaranda mbao za mtarakwa kutwa kucha. Nyumbu wakakosa pa kupita. Sisi tukapata vumbi jipya la kupigia chafya.

Ndipo akaja Daktari Mutiso. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akifundisha Nairobi siku nyingine na siku nyingine yuko kwetu. Alitaka kujua kama mti mmoja ambao Wamaasai huchemsha kwenye supu unaweza kulinda ini lisiharibike. Jina la mti huo silitaji. Nikilitaja, kesho mmoja wenu ataufuata na panga.

Tulikwenda kuuchukua huko Ewuaso Kedong. Aliyetuendesha alikuwa Barasa, dereva wa kituo, mtu wa Bungoma, mpole, mcheshi, muimbaji wa kwaya. Yeye na mkewe Rebeka walikuwa wanaishi plotini jirani na kwangu, watoto wetu wakila sahani moja. Barasa ndiye aliyeanza kuniita Mama Panya, na mtaa mzima ukamfuata.

Mwenye mti alikuwa Mama Nashipae, mama wa Kimaasai aliyejulikana kwa dawa. Daktari alimsalimia “Takwenya” kwa lafudhi ya Machakos, mama akaitika “Iko” akicheka. Kisha Daktari akamuuliza kama ni kweli huo mti unatibu ini.

“Ini?” mama akasema. “Mimi nachemsha na mfupa. Napea mtu amechoka, ama mguu inamuuma. Ini ya mtu sijui, sijawahi fungua mtu.”

Ningekuwa Daktari ningerudi garini. Lakini yeye alikuwa ameshaona dalili kwenye chupa za maabara, akasema ndiyo maana tunapima. Tukapakia gunia la magome. Njiani Barasa alitutania kwamba tunatoka Kitengela mpaka Ewuaso kutafutia panya supu wakati yeye hajala tangu asubuhi.

Sasa naomba msome polepole, maana hapa ndipo mnapopakosea. Tulikuwa na makundi matatu ya panya. La kwanza halikupewa chochote. La pili lilipewa sumu peke yake, ile kemikali yenye harufu tamu kama ya duka la draikilina, iliyochanganywa na mafuta, ambayo kazi yake ni kuharibu ini. La tatu lilipewa sumu hiyo hiyo pamoja na maji ya magome. Mwishoni unawapasua wote, unalinganisha maini. Ili ulinganishe, kila kitu kingine lazima kiwe sawa: chakula, maji, mwanga, matandiko. Tulikuwa tunawatandikia maganda ya mpunga kutoka Mwea, makavu, safi, hayana harufu.

Mkurugenzi wa wakati huo alikuwa na ugonjwa wa wageni. Akisikia mgeni anakuja, hata wa kuuliza njia, kituo kizima kinapakwa rangi. Daktari akiwa Nairobi, tukaambiwa kuna wageni wakubwa watakaopitia kwetu wakielekea Namanga. Mkurugenzi akaja nyumba ya panya, akasimama mlangoni na leso puani.

“Mama Wambui, wageni hawawezi kuingia hapa wakishika pua. Hiyo karakana ya ng'ambo iko na maranda ya mtarakwa, inanukia vizuri. Weka.”

“Bwana Mkurugenzi, hiyo maranda iko na vumbi. Panya watapiga chafya.”

“Basi weka tu hizi za mbele. Na hao wa nyuma, hao wachafu, wakae tu huko.”

Wachafu walikuwa wale wanaokunywa magome, kwa sababu mavi yao yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawa na yakichafua vizimba. Hao wakabaki nyuma kwenye maganda ya mpunga. Kundi lisilopewa kitu na kundi la sumu peke yake, ambao walikaa mbele karibu na mlango, wakalazwa juu ya mtarakwa. Nyumba ikanukia kama kabati jipya. Msinipe sifa nisiyostahili: nilibisha kwa sababu ya vumbi, sikujua lolote kuhusu mtarakwa na ini. Hakuna aliyejua pale. Niliandika kwenye ubao wa mlangoni kwamba matandiko yamebadilishwa kwa amri, nikapiga mstari chini ya neno amri mpaka chaki ikakatika.

Wageni hawakuja. Walipitia njia nyingine, au walikwenda hotelini, sijui. Maranda yakabaki, kwa kuwa yalikuwa ya bure na Mkurugenzi aliyapenda.

Siku ya kupasua, hata mimi nilishangaa. Maini ya kundi la sumu yalikuwa yamepauka, yana madoa, yanateleza mkononi kama sabuni. Ya waliokunywa magome yalikuwa mekundu, karibu ya kawaida. Daktari aliyatazama, kisha akasema tusimwambie mtu mpaka asome vipande vya maini kwenye darubini. Lakini Mkurugenzi alikuwa ameshachungulia mlangoni. Kwenye chai ya saa nne alisimama mbele ya wafanyakazi wote, kikombe mkononi, akatangaza kwamba dawa ya ini imepatikana kwetu Kajiado.

Barasa alikuwa amekaa karibu nami. Alinishika kiwiko, na nikajua mara moja kwa nini. Kabla ya hapo alikuwa amejitolea damu, akaitwa pembeni na kuambiwa damu yake ina kirusi cha ini. Wa kujua walikuwa Rebeka na mimi tu. Alikuwa anahudhuria kliniki Nairobi, akipimwa, akiambiwa asikose kurudi. Kwa nje alikuwa mzima kabisa.

“Mama Panya,” akaninong'oneza, “hiyo kitu imetengeneza ini ya panya kweli?”

“Imeonekana hivyo. Lakini ngoja Daktari amalize.”

“Ningoje nini? Panya mwenyewe hakungoja.”

Wiki hiyo hiyo alikwenda Ewuaso na gari la kazi, akarudi na gunia. Baadaye nilisikia hakuwa peke yake. Mpishi alikwenda, mlinzi akamtuma shemeji yake, habari ikafika Rongai, huko Kware wakaanza kuuza magome kwenye karatasi. Mama Nashipae alituma ujumbe kwamba watu wanamchimbia mti mpaka mizizi na hata salamu hawatoi. Barasa alichemsha magome yake kila jioni kwenye sufuria kubwa, na kliniki akaacha kwenda. Nilimwambia anywe supu yake ila kliniki asiache. Aliniambia mtu hawezi kutumikia madaktari wawili.

Aliyegundua kosa ni Daktari Mutiso mwenyewe. Alikuwa anapima uzito wa maini ya kundi la kwanza, wale wasiopewa kitu, akaona ni makubwa kuliko inavyofaa. Akaniuliza: hawa hawakupewa sumu wala dawa, mbona maini yamevimba? Nikamwonyesha ubao. Akausoma, akatoka nje, akasimama anatazama ile karakana. Alishinda maktabani Nairobi siku kadhaa, akarudi na uso umemshuka. Akanieleza kwa lugha rahisi: mafuta yanayonukia ya mti kama mtarakwa yanaliamsha ini, linaanza kufanya kazi kwa kasi isiyo ya kawaida. Na ile kemikali yetu hugeuka kuwa sumu kali pale ini linapoishughulikia. Panya wa mbele waliumia kupita kiasi kwa sababu ya matandiko. Wa nyuma hawakulindwa na magome. Walilindwa na maganda ya mpunga.

Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa hasira. Nilimkumbuka yule mtu na leso yake.

Tukarudia kazi yote upya, makundi yote juu ya maganda ya mpunga, na nikawa nashinda mlangoni kama askari jela. Safari hii maini ya kundi la sumu na ya kundi la magome hayakutofautiana. Ungeyachanganya mezani usingejua lipi ni la nani. Nikamwambia Mkurugenzi asimame tena kwenye chai awaambie watu. Akaniuliza awaambie nini.

“Kwamba haifanyi kazi.”

“Mama Wambui, mtu hawezi kutangaza kitu ambacho hakiko.”

“Ile ya kwanza ulitangaza na haikuwako!”

Alinitazama kama ninayemtukana mama yake. Hakutangaza. Daktari aliandika ripoti yake kwa uaminifu, ikaenda kwenye kabati zinakoenda ripoti. Kwa hiyo tulikwenda wenyewe, yeye na mimi, nyumbani kwa Barasa, Jumapili baada ya kanisa. Rebeka alitukaribisha chai na ndizi. Sufuria ilikuwa jikoni inachemka, harufu yake naijua. Daktari alieleza kila kitu, taratibu, bila kuficha kosa. Barasa alisikiliza kwa adabu, mikono magotini.

“Kwa hivyo panya walilalia mbao mbaya,” akasema.

“Ndiyo.”

“Daktari, mimi silalii mbao. Mimi nalala kwa godoro.”

“Barasa,” nikamwambia, “anasema hiyo dawa haikusaidia. Hata kidogo.”

“Haikusaidia panya. Mimi ni panya?”

“Na waliposema imewasaidia panya, ulikuwa nani?”

Rebeka aliangua kicheko, na Barasa naye akacheka, tukacheka wote. Alitusindikiza hadi barabarani akiahidi atakwenda kliniki mwezi huo. Hakwenda. Nilimuuliza mara nyingi mpaka akaanza kupita njia nyingine akiniona. Mnielewe: sikuwa na mtu ninayempenda pale kazini kama yule, na hakuna mtu aliyewahi kunikasirisha kama yeye.

Miaka michache baadaye macho yake yaligeuka manjano na tumbo likajaa maji. Rebeka alimpeleka hospitali kwa lazima, akisaidiwa na wanakwaya. Huko waliambiwa ini limekwisha. Alikaa wodini muda mfupi, akitutania sisi tuliokwenda kumwona kwamba sasa amelazwa kizimbani na mimi nimlishe kwa sindano. Alifariki kabla ya Krismasi.

Alasiri moja, siku moja kabla ya mwili kusafirishwa Bungoma, tulikusanyika plotini kwake. Wanakwaya waliimba, Mkurugenzi alikuja na kutoa hotuba ndefu juu ya utumishi. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama tukiosha vikombe, kwa sababu nilikuwa nataka kitu cha kushika. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yote tayari: maranda, maganda ya mpunga, makundi matatu, kliniki. Nilikuwa nangoja tu mtu wa kunichokoza.

Rebeka akaja akaketi kando yangu kwenye kigoda. Macho yalikuwa yamevimba na sauti imekauka kwa kulia. Alichota kwenye sufuria, akajaza kikombe, akaniwekea mkononi. Kilikuwa na moto na rangi ya kahawa, na harufu ile ile ya magome.

“Kunywa, Mama Wambui. Umekuwa umesimama tangu asubuhi.”

Nikakitazama kile kikombe.

“Shida yake alichelewa kuanza,” akasema Rebeka. “Angeanza mapema kama wale panya wenu, angepona. Mimi sasa nimeanza na watoto. Sitaki tena kuchelewa.”

Akasubiri. Alikuwa ananitazama usoni kama mtu aliyebakiwa na kitu kimoja tu cha kushikilia, na mimi ndiye niliyeshika ncha yake ya pili. Nje kwaya ilikuwa inaanza wimbo mwingine.

Nilikunywa chote. Nikamrudishia kikombe, nikamshukuru. Kisha nikamwambia kwamba Jumatatu, akirudi kutoka mazikoni, nitampeleka kliniki mimi mwenyewe pamoja na watoto, wapimwe damu kama nao wana kile kirusi. Akaniuliza kama wakienda wanaweza kuendelea na dawa. Nikamwambia wanaweza.